Cherehani ya Ghorofani

Mimi ni askari magereza wa kike, na kazi yangu yote nimeifanya nikiwa nimesimama. Nasimama langoni, nasimama uani, nasimama nje ya jiko wanawake wanapochambua maharage. Kwa hiyo nilipojiandikisha chuoni hapa Mbale, katika masomo ya wikendi, jambo la kwanza lililonishinda halikuwa kusoma. Lilikuwa kukaa.

Mkuu wetu alikuwa ametuambia waziwazi kwamba asiye na stashahada asahau kupanda cheo. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini. Nikachagua masomo ya utawala, nikidhani nitafundishwa kupanga zamu na kuandika ripoti zisizorudishwa. Siku ya kwanza nikakuta kwamba muhula unaanza na somo la lazima, Utangulizi wa Historia ya Dunia ya Kisasa. Nilimwendea karani nikamuuliza kama naweza kubadilishiwa.

"Afande," akasema bila kuinua macho, "hata malaika akija kusomea utawala hapa, ataanza na hilo."

Darasa letu lilikuwa ghorofani, madirisha yakitazama mlima wa Wanale. Mvua ikinyesha kule juu, uliona maji yakiteremka kwenye mawe kama nyuzi nyeupe, na mimi nilikuwa nikiyatazama hayo maji kuliko ubao. Wanafunzi wengi walikuwa vijana wa kuweza kuwa wanangu. Mwalimu naye alikuwa kijana, mdogo kuliko kitindamimba wetu. Alikulia upande wa Kenya, karibu na mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko changu. Lakini alifundisha kwa Kiingereza, kwa haraka, akitembea huku na huku mbele yetu. Nilimwonea wivu kwa sababu yeye aliruhusiwa kutembea.

Nilikuwa nikikaa, mguu mmoja unaanza kutikisika. Nauzuia, wa pili unaanza. Nikivumilia sana, nahisi kama kuna mtu ananiita nje. Natoka, natembea ukumbini hadi kwenye ngazi, naangalia kama kuna chochote cha kuangalia, narudi. Mwalimu alivumilia kwa wiki kadhaa, kisha siku moja akaniambia mbele ya wote, "Afande, kama kusimama kunakusaidia, simama nyuma ukutani. Mradi usitulinde."

Walicheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo nikasoma Mapinduzi ya Ufaransa nikiwa nimeegemea ukuta, daftari nimelishika kiganjani kama ninahesabu wafungwa.

Mara yangu ya kwanza kujibu swali darasani tulikuwa tumefika kwenye viwanda vya Uingereza. Mwalimu aliuliza ni kitu gani kilibadilika katika maisha ya watu walipoacha kufuma nyumbani wakaenda kufuma kiwandani. Watu wakajibu kuhusu mashine, moshi, mishahara. Mimi nilikuwa na jibu langu, lakini Kiingereza kikanikwama kooni. Mwalimu akaona.

"Sema kwa Kiswahili."

"Walianza kuishi kwa kengele," nikasema. "Zamani mtu aliamka akiona kumekucha. Sasa anaamka akiitwa. Mtu anayeamka kwa kuitwa hawi mtu yule yule."

Mwalimu alisimama. Alikuwa anataka kusema kitu, lakini kijana mmoja wa viti vya mbele, mcheshi wa darasa, aliinua mikono yote miwili na kuita kwa sauti ya kijeshi, "Mikono juu! Lala chini!" Darasa zima likaangua kicheko.

Sikumchukia. Hapa kwetu Kiswahili kina sura hiyo. Watu wengi wanakijua kwa maneno machache, na yote ni ya amri, waliyoyapata wazazi wao kutoka kwa wanajeshi vizuizini barabarani. Kwangu mimi ni tofauti. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, Mwacholi wa kaskazini. Mama yangu ni Mgisu wa huku Mbale. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo walipendana, wakagombana na kunilea kwa Kiswahili cha kambini. Kwangu ni lugha ya kuambiwa ninywe uji. Lakini hilo huwezi kulieleza darasani watu wanapocheka. Nilirudi Nabuyonga ninakoishi, nikafua sare ambazo zilikuwa safi.

Tuliendelea. Na kadiri tulivyoendelea ndivyo nilivyozidi kukosa utulivu, wala si kwa sababu ya kiti tena. Katika kila sura ya somo lile kuna watu waliokuwa wakihamishwa. Vita vinaisha, mpaka unachorwa, treni zinajaa. Watu wanaondoka upande huu, wengine wanaletwa upande ule. Mwalimu alikuwa akivuta mishale ubaoni kwa chaki, mshale unatoka hapa unakwenda pale, na ndani ya kila mshale kuna mamia kwa maelfu ya watu. Nilikuwa nikiitazama ile mishale na kuwaza ujinga tu. Nani alikula chakula kilichobaki jikoni? Nani alilala vitandani mwao siku iliyofuata?

Siku moja nikauliza. "Mwalimu, hawa waliokimbia, vyombo vyao vilichukuliwa na nani?"

"Na waliokuja baada yao," akasema.

"Na hao waliokuja, walijua ni vya nani?"

Alifuta mikono chaki. "Hilo halimo kwenye kitabu," akasema. Kisha, kama mtu aliyepata wazo njiani, akatupa kazi ya muhula palepale. Kila mmoja achague nyumba, barabara au kitu cha nyumbani kwao, aeleze dunia ilifikaje hapo. Tungewasilisha mbele ya darasa.

Sikuhitaji kufikiri. Nilizaliwa Jinja, barabara kuu, ghorofani juu ya duka. Ni jengo la Waasia, lile la zamani lenye nguzo mbele, roshani ya mbao, na juu kabisa jina la familia limeandikwa kwa plasta. Waasia walipofukuzwa nchini, wakati wa utawala wa kijeshi, majengo kama hayo yaligawiwa watu. Utawala ule ulipoangushwa, baba yangu aliingia Jinja na jeshi jipya, akapewa vyumba vile vya juu. Huko ndiko nilikofungulia macho. Serikali ile nayo ilipoanguka, baba alikimbilia kaskazini na hatukumwona tena. Habari zilitufikia baadaye kwamba alifariki. Mama alinishika mkono tukahamia Nalufenya, kwa rafiki yake, na hajatoka Nalufenya mpaka leo.

Hayo nilikuwa nikiyajua siku zote. Lakini kuyajua ni kitu kimoja, na kuyatazama ni kingine. Siku yangu ya mapumziko ilipofika nikapanda taksi, yaani matatu, kwenda Jinja, na nilipokwisha kushuka sikwenda kwa mama kwanza. Nilikwenda barabara kuu.

Chini ya lile jengo sasa wanauza rangi za nyumba na mabomba. Mwenye duka ni mjukuu wa waliolijenga. Familia ilirudishiwa jengo lake zamani kidogo, naye ndiye aliyekubali kuja kulisimamia. Barazani, kando ya mlango, alikuwa ameketi mwanamke aliyenizidi umri, ametandaza vitambaa vya kudarizi na vile vikapu vya duara vya rangi kali wanavyosuka Wanubi. Nilisimama nikiangalia juu kwenye roshani kwa muda mrefu, mpaka akanikatisha.

"Afande, kuna mtu unamtafuta?"

Sikuwa na sare. Watu hututambua tu.

"Asalaam aleikum, dada. Simtafuti mtu. Nilizaliwa hapo juu."

Alirudisha salamu, kisha akanitazama upya, toka viatuni mpaka kichwani. "Hapo juu? Mimi nimekulia hapo juu."

Kwanza tulidhani mmoja wetu amekosea jengo. Tukaulizana. Ngazi ziko upande gani? Nyuma. Sakafu ikoje? Vigae vyekundu na vyeusi. Na kimoja kimepasuka karibu na mlango, akasema, na mimi nikasema ndiyo, nilikuwa nikitia kidole humo. Akaweka chini kikapu alichokuwa akisuka.

Alikuwa mtoto wa dereva wa jeshi la wakati ule. Wao ndio waliopewa nyumba baada ya Waasia kuondoka. Ndio waliokuwamo kabla yetu. Mababu zao, kama Wanubi wote, waliletwa nchini kutoka Sudan na Waingereza, wakiwa askari. Mwalimu wetu alikuwa amewachora, mshale kutoka juu kuja chini, na mimi nilikuwa nimeunakili mshale huo bila kufikiria kwamba kuna mtu aliyekuja nao.

Nikamwomba mwenye duka aturuhusu kupanda. Ni mtu mpole, mwenye haraka. Alitukabidhi ufunguo akaendelea kupima mabomba. Chumba sasa ni stoo. Madebe ya rangi yalikuwa yamepangwa hadi dirishani, lakini sakafu ni ile ile. Tulisimama pale wanawake wawili, kila mmoja akimwonyesha mwenzake nyumba yake. Hapa tulilala sisi. Hapa baba alitundika bunduki. Hapa palikuwa na mtungi. Yeye akaenda dirishani, akasogeza debe kwa mguu.

"Na hapa mama aliweka cherehani yake. Mwanga ni mzuri. Alikuwa akishona hapa, anaona barabara yote."

Mama yangu pia alikuwa akishona pale pale.

"Ilikuwaje hiyo cherehani?"

"Nyeusi, ya miguu. Maua ya dhahabu. Shingoni ilikuwa na mkwaruzo mrefu, kama imepigwa panga."

Ninaujua mkwaruzo huo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiufuata kwa ukucha mama akishona sare zangu za shule. Ningeweza kunyamaza, lakini mdomo ulikwisha kutangulia.

"Dada," nikasema, "nafikiri mama yangu anayo."

Hakupiga kelele. Alitazama barabara kupitia lile dirisha. Halafu akateremka, akakunja vitambaa vyake, akamwomba mwenye duka amwekee vikapu ndani, akajitanda mtandio vizuri.

"Twende," akasema.

Bodaboda mbili zikatupeleka Nalufenya. Njia nzima nilikuwa nikitamani ile yangu iharibike.

Mama alikuwa barazani kwake, anashona. Ana nywele nyeupe sasa na miwani iliyofungwa kwa uzi, lakini miguu yake kwenye kanyagio ni ile ile. Alipoona nimekuja na mgeni alisimama, akaleta kiti, akaleta chai ya tangawizi na mihogo. Mgeni akampa heshima zote, akamwita mama, akamuuliza hali ya afya, hali ya majirani. Lakini macho yake hayakutoka kwenye ile mashine. Kichwa kimefungwa juu ya meza ya mbao ya fundi wa mtaani, chuma cha chini kimeungwa kutoka kwa cherehani nyingine. Shingo ndiyo ile. Mkwaruzo ndio ule.

Nikaeleza. Sijui niliyapanga vipi maneno. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake umelala juu ya gurudumu.

"Tuliikuta," akasema.

"Mliikuta kwetu, mama," mgeni akajibu taratibu.

"Binti yangu, nyumba ilikuwa wazi. Ilikuwa ya serikali. Ningeitupa?"

"Sisemi ungeitupa."

"Wewe unajua nimeitoaje pale?" Sauti ya mama ilianza kupanda. "Siku tulipokimbia risasi zilikuwa zinalia daraja la mto. Mume wangu amekwisha kuondoka. Miguu ya chuma sikuweza, ni mizito. Nilifungua kichwa kwa bisibisi, nikakiweka juu ya kichwa changu, huyu nimemshika mkono, nikatembea mpaka Nalufenya. Nguo niliziacha. Vyungu niliviacha. Hii niliibeba. Ninyi mliiacha, mimi niliibeba!"

Mgeni alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mama yangu angeibeba pia," akasema. "Lakini kichwani alikuwa na mzigo wa nguo na mgongoni alikuwa na mdogo wangu. Tulikwenda kwa miguu na kwa malori mpaka tukaingia Sudan. Huko kambini watu wanalilia waliokufa, yeye analilia cherehani. Tukimcheka, anasema wafu wamekwenda kwa Mungu, cherehani imekwenda wapi? Amekufa akiitaja. Na waliotufanya tukimbie, mama, walikuwa waume zenu."

Jirani alikuwa akitwanga karanga, kinu kikilia upande wa pili wa ua. Nilitamani mtu apite, hata wa kuuza nyanya.

Mama ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa sauti ndogo, bila ugomvi. "Na mama yako, mwanangu, aliinunua wapi?"

Yule mwanamke aliweka kikombe chini. Aliangalia chai yake. Niliona jibu likimfikia, kama vile hakuwahi kuulizwa wala kujiuliza.

"Tuliikuta," akasema.

Mimi sikuweza kuendelea kuwepo pale. Niliinuka, nikazunguka nyumba, nikafika kwenye shimo la taka, nikarudi, nikazunguka tena. Kazini nimeona wanawake wakigombea blanketi na najua la kufanya. Hapa sikujua nimshike nani, nimpeleke wapi. Nikarudi barazani. Mgeni alimaliza chai yake yote, kama inavyotakiwa, akashukuru, akaaga. Mama akamjibu. Cherehani ilibaki pale ilipo.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Kabla hajapanda bodaboda akanishika kifundo cha mkono.

"Usifikiri naidai," akasema. "Hata sijui ninachodai."

Nilipaswa kurudi Mbale, lakini roho ilikataa. Nilipita tena dukani. Mwenye duka alikuwa akifunga hesabu za mchana. Nilimwambia habari nzima, nikiogopa atadhani namletea kesi. Hakudhani hivyo. Alichukua simu akampigia shangazi yake Uingereza, mama mzee aliyezaliwa ghorofani mle mle, akanigeuzia kioo cha simu nami nikamwona, amevaa sweta, nywele zimesukwa mkia mmoja. Mwenye duka alimweleza kwa Kigujarati. Kisha yule mama akanisemesha mwenyewe kwa Kiswahili, cha kusitasita, kilichokaa bila kutumika.

"Cherehani? Ilikuwa mingi, mwanangu. Baba aliweka mafundi barazani, kila fundi na yake. Mimi sijui ipi." Akafikiri. "Nyuma iko mti wa zambarau. Bado iko?"

Ua wa nyuma nilikuwa nimeuona kutoka juu. Ni saruji tupu na tangi la maji.

"Upo, shangazi," mwenye duka akadakia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie na nisiharibu. "Mwaka huu umezaa sana."

Mama mzee alitabasamu, akasema kitu kuhusu ndimi zao zilivyokuwa zikigeuka rangi, simu ikakatika. Mwenye duka aliirudisha mfukoni. "Huwa ananiuliza kila mara," akasema, akaendelea na kazi yake.

Zamu yangu ya kuwasilisha ilipofika sikuegemea ukuta. Nilisimama mbele. Nilianza kwa Kiingereza nilichokariri, nikafika kwenye cherehani, kikaniishia. Nikamtazama mwalimu, akaitikia kwa kichwa kuniruhusu, nikaendelea kwa Kiswahili. Nilieleza jengo na jina lake la plasta. Nilieleza wafanyabiashara waliovuka bahari wakifuata reli, na askari waliotolewa Sudan, na baba yangu kutoka kaskazini. Kila mmoja nikamchorea mshale wake, yote mitatu ikaishia kwenye chumba kimoja. Halafu nikawaambia kilichosemwa barazani kwa mama. Hakuna aliyecheka. Yule mcheshi wa mbele ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono, mmoja tu.

"Afande, sasa cherehani ni ya nani?"

"Sijui," nikasema.

Hapo darasa likawaka. Wengine walisema ni ya Waasia, mali haiozi kwa sababu mwenyewe ameisahau. Wengine wakasema ni ya fundi aliyekuwa akiitumia barazani, ambaye hata jina lake hakuna anayemuuliza. Binti mmoja aliyevaa hijabu, ambaye hakuwahi kusema neno muhula mzima, akasema bibi yake pia alirudi kutoka Sudan akakuta watu wanapikia sufuria zake, na hakudai kwa kuwa aliogopa kuulizwa alizipata wapi nyingine. Mwalimu alisahau saa. Mimi nilishuka ngazi nikiwa sina hakika kama nimefanya jambo jema ama nimeanika mama yangu sokoni.

Alama zilipotoka, zilikuwa za katikati. Nilikasirika, nikamfuata mwalimu ofisini.

"Masimulizi ni mazuri mno," akasema. "Lakini hukuandika ulizungumza na nani, siku gani, wapi. Hukusema nani aliona kwa macho na nani alisimuliwa. Afande, wewe ungepokea maelezo ya mfungwa yaliyoandikwa hivyo?"

Nilisema nisingeyapokea. Hasira ikaisha hapo, ikabaki ile hali nyingine, ya kutotulia, ambayo haikuwa na wa kumlaumu.

Wiki ile ile mama alinipigia simu mchana, nikiwa langoni. Si kawaida yake. Husema simu ni ya misiba.

"Tangu yule mgeni wako aondoke siwezi kushona," akasema. "Nikikanyaga nahisi mtu amesimama nyuma yangu anangoja zamu yake. Nimekosea suruali ya mtu mara mbili."

"Basi pumzika kidogo, mama."

"Nimekwisha kuipeleka."

"Umeipeleka wapi?"

"Kwake. Nimemkuta barazani, nimemwambia shika. Hakutaka. Nimemwambia kama hutaki basi tuiweke hapa, ataichukua anayeijua. Akaishika."

Nikasikia anavuta pumzi. Nilidhani analia. Nikamwambia amefanya vizuri. Akanijia juu. Alisema sijui lolote, kwamba mimi na kile chuo changu tumemtoa kitu cha miguuni, na kwamba asubuhi anaamka miguu haijui pa kwenda. Akakata simu. Kwa siku nyingi hakupokea zangu. Nikiwa kazini nilikuwa namwona amekaa barazani bila chochote mbele yake, na nikiwa darasani tunasoma vita baridi nilikuwa siioni hata ramani.

Mtihani ulipokwisha nikaenda Jinja. Nyumba ya Nalufenya ilikuwa imefungwa. Jirani mwenye kinu akaniambia mama anaondoka karibu kila siku, kwamba kuna mwanamke mjini anampigia simu kulalamika cherehani imegoma. Nikaenda barabara kuu.

Niliwaona kabla hawajaniona. Mama alikuwa ameketi kwenye mashine, kwenye baraza la duka, na yule mwanamke ameinama juu ya bega lake. Cherehani ile ina ukorofi wake. Ukiishonea kitambaa chepesi inatafuna uzi, isipokuwa uweke karatasi chini na ukisindikize taratibu kwa kidole cha shahada, na hilo mama alilijua peke yake.

"Usivute, nimekuambia usindikize," mama alikuwa akisema.

"Ninasindikiza, mama."

"Unaburuta. Mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha, na hakutumia karatasi."

"Basi wakati huo ilikuwa bado changa."

Waliniona, wakanipa salamu za haraka, wakarudi kwenye uzi. Nilikaa kwenye ngazi ya duka. Mwenye duka alinipungia mkono kutoka ndani. Barabara ilikuwa na joto, watu wanapita na mizigo yao ya sokoni, na mimi nilikuwa nikingoja mama aniambie neno la kuonyesha kwamba ameniwia radhi, au kwamba hajaniwia. Hakusema lolote kati ya hayo.

Baada ya muda, bila kuacha kukanyaga, alimuuliza mwenzake, "Ninyi ndio mlikuwa na zile sahani za bati, nyeupe, zenye ukingo wa samawati?"

Yule mwanamke aliinua kichwa. "Ndiyo. Zenye jogoo katikati."

"Zenye jogoo. Tulizikuta kabatini. Tulizilia mpaka jogoo akafutika."

"Hizo," yule mwanamke akasema, "wallahi, hizo zilikuwa zetu kabisa. Mama alizinunua mwenyewe sokoni, mimi nikiwepo. Ziko wapi?"

"Niliziacha siku ile. Nilikuwa nimebeba hii."

Yule mwanamke alipiga kofi juu ya paja lake, akacheka mpaka mtandio ukamwangukia mabegani. Mama naye alicheka, kwa aibu kwanza, halafu kwa nguvu, akivua miwani ili afute macho. Mteja aliyekuwa ameshika kikapu akauliza kuna nini, hakuna aliyemjibu.

Nilingoja kidogo. Halafu nikaaga, kwa kuwa nilikuwa na zamu asubuhi na taksi za Mbale zilikuwa zinaita abiria.